Wamiao wa Songtao na Ardhi Yao



Wilaya ya Songtao imo katika pembe ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Guizhou, kusini-magharibi mwa China, mahali ambapo jimbo hilo hupakana na Hunan na Chongqing. Jina lake rasmi ni Wilaya Inayojitawala ya Wamiao ya Songtao, na hadhi hiyo iliipata mwishoni mwa mwaka 1956. Yafaa kuuliza ni jambo gani lililofanya wilaya ya milimani, isiyo na bandari wala mji mkubwa, ikatengwa kwa namna hiyo.

Nchi yenyewe ni milima na mabonde membamba. Upande wa magharibi umesimama mlima Fanjing, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Humo mna kima wa kijivu asiyepatikana mwituni mahali pengine popote duniani. Mito huteremka mashariki kuingia Hunan na hatimaye maji yake huufikia mto Yangtze. Katika nchi kama hii shamba la mpunga ni kipande kidogo kilichochongwa ubavuni mwa mlima, na akipotezaye hana pa kwenda ila juu zaidi, kwenye mawe.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mwaka 1615 watawala wa enzi ya Ming walianza kujenga ukuta katika mpaka wa Guizhou na Hunan, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, ili kuwazuia Wamiao. Wamiao waliolipa kodi waliitwa na maofisa "walioiva", na wasiolipa wakaitwa "wabichi". Maneno hayo ya jikoni yaeleza vya kutosha jinsi watawala walivyowatazama watu hao.

Enzi ya Qing ilipofuata, machifu wa kurithi waliondolewa na maofisa wa Kaizari wakawekwa mahali pao. Nyuma ya maofisa walikuja walowezi wa Kihan, wachuuzi na wakopeshaji. Mmiao alikopa nafaka wakati wa njaa, akaweka shamba rehani, na shamba halikurudi. Mapema mwaka 1795 Shi Liudeng wa Songtao, pamoja na Wu Bayue na Shi Sanbao wa upande wa Hunan, walishika silaha wakidai walowezi waondoke na ardhi irudishwe kwa wenyewe. Kaizari Qianlong alipeleka majeshi ya majimbo kadhaa chini ya Fukang'an, mtawala wa Yunnan na Guizhou. Fukang'an alifariki kwa maradhi mwaka 1796, vita vikali bado. Wamiao walishindwa mwaka 1797. Upande wa Hunan ardhi nyingi ilitwaliwa kulisha askari wa ngome, na ushuru wa mashamba hayo uliendelea kuwaelemea wakulima hadi miaka ya 1930.

Basi hadhi ya mwaka 1956 haikuwa zawadi iliyodondoka kutoka mbinguni. Sheria ya mwaka 1984 yataka mkuu wa wilaya ya namna hiyo awe mtu wa taifa lenye kujitawala hapo, ingawa haitaji sharti hilo kwa katibu wa chama. Inaruhusu pia lugha ya wenyeji kutumika ofisini na shuleni. Wamiao wa Songtao hujiita Xong, na lahaja yao haieleweki kwa Wamiao wengi wa sehemu nyingine, kwani jina moja la Miao limefunika zaidi ya watu milioni 11 kwa hesabu ya mwaka 2020. Alfabeti ya Kilatini kwa lugha yao ilitungwa mwaka ule ule wa 1956. Hata hivyo Kichina ndicho kilichotawala darasani, na walimu watambua alfabeti isiyo na vitabu hufika wapi.

Siku hizi ardhi ya Songtao yatafutwa kwa sababu nyingine. Chini yake mna manganizi nyingi, madini yatumikayo katika kutengeneza chuma cha pua. Viwanda vya manganizi vya Songtao, Huayuan na Xiushan vilichafua mito kiasi kwamba mwaka 2005 serikali kuu iliagiza usafishaji, na mwaka 2021 ikabidi iagize tena. Maji hayo hupita katika majimbo matatu, na mamlaka ya Songtao hukomea mpakani.