BWANA AFYA AITWE KABLA YA VIGINGI

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa shule ya msingi siku ya kumbukumbu ya kambi)



Leo tunawakumbuka waliotutoka. Wengi hawakuuawa na risasi. Walivuka mpaka wakiwa wazima, ndipo wakafa kwa kuhara.

Waliopita Goma Julai 1994 wanajua. Kwa siku chache tu, watu zaidi ya laki tano waliingia kutoka Rwanda, wakakaa juu ya mawe ya volkeno ambako choo hakichimbiki. Maji waliyachota Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Na Mei 2015, huko Kagunga mkoani Kigoma, makumi ya maelfu ya Warundi walibanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika wakingoja meli. Kipindupindu kiliwakuta pale pale, wakafa watu wapatao 30.

Ndugu zangu, mahali mtu anapowekwa ni jambo la afya kabla halijawa jambo la viwanja.

Hapa kwetu mwaka ule bloku yetu ilipopimwa, aliyepima alikuwa na kamba na haraka. Vyoo vikachimbwa juu mlimani, kisima kikawa chini. Bwana afya hakuulizwa. Mvua za kwanza ziliponyesha, darasa langu lilibaki nusu. Mtoto mmoja hakurudi tena. Jina lake bado limo katika daftari langu la mahudhurio.

Kanuni zenyewe si siri. Choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na chini ya shimo kubaki mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Kila mita 300 za nyumba, iachwe nafasi ya mita 30 kuzuia moto. Lakini kanuni haitembei yenyewe kwenye mteremko. Lazima mtu anayeijua awepo.

Kwa hiyo naiomba Kamati mambo matatu.

Kwanza, siku ya kupima bloku mpya, bwana afya na wahamasishaji wa afya watembee pamoja na wapimaji, na wazee wenyeji waulizwe maji ya masika hupita wapi.

Pili, afisa afya wa wilaya aalikwe, maana wenyeji wa bondeni wanakunywa kijito kile kile kinachotoka kwetu. Neno lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Akisema hapana, kigingi kisipigwe.

Tatu, soko linalotakiwa kuwekwa karibu na bomba lisubiri mpaka wao waseme.

Najua wapo wanaosema: sisi ni wapita njia, ya nini kupanga? Wengi wetu tumezaa hapa na tumezika hapa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta huo tumeujenga kwa makaburi.