Chakula, Vinywaji na Burudani: Tuyapange Kabla ya Kupanda Meli

(Maneno ya Kamati ya Safari, yaliyosomwa mbele ya wanachama katika kikao cha kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)



Mlitukabidhi kazi ya kuandaa safari ya kikundi kwenda Unguja kwa meli mwezi wa Novemba. Tangu siku hiyo, kila tukikutana bombani au sokoni, tunaulizwa swali moja tu: nauli shilingi ngapi? Swali zuri, ila si gumu. Nauli inajulikana, ukienda dirishani unaambiwa. Gumu ni lile ambalo hakuna aliyetuuliza mpaka leo: tukishakaa melini tutakula nini, tutakunywa nini, nani analipa, na tutajifurahisha kwa kitu gani. Hilo ndilo tumesimama kulisema.

Kuna kikundi tunakijua, jina lake libaki mfukoni mwetu, kilisafiri hivyo hivyo miaka michache iliyopita. Nauli walichanga sawa. Chakula wakasema kila mtu na chake. Basi melini mmoja akanunua chipsi kuku na soda mbili, na jirani yake kiti cha pili alikuwa na muhogo wa kuchemsha ndani ya kitambaa. Yule wa muhogo akaugeuza uso dirishani mpaka wanafika. Hakuna aliyemtukana mwenzake, hakuna aliyepigana. Lakini waliporudi nyumbani yule mama hakununua hisa wiki ile, wala iliyofuata, na baadaye akatoka kabisa kikundini. Sasa akina mama, kikundi kikikaa miaka kumi halafu kivunjwe na soda mbili, tutamwambia nini mtu?

Sisi watu wa Masasi meli si kitu kigeni, ingawa tunakaa mbali na bahari. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika yakikolea barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa haipitiki, na mtu mwenye shida ya kweli alishuka kwanza Mtwara akapande meli. Wengi hapa wanaikumbuka Canadian Spirit. Ilikuwa safari ya mchana na usiku, na mama zetu walijua kujipanga: ming'oko iliyochemshwa, mihogo, korosho za kukaanga, maji ndani ya dumu, na kipande cha tangawizi kwenye pindo la khanga. Walikula kwa duara moja, mwenye kingi na mwenye kidogo. Hatusemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri, maana kulala sitaha na watoto si raha. Ila duara lile lilikuwa ni mpango, na mpango ulifanyika nyumbani.

Hata wenye fedha zao wanapanga. Mwanzoni mwa mwaka 2024 meli ya utalii ya Norwegian Dawn ilifika Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000, ghorofa juu ya ghorofa. (Kwa wanaopenda habari za meli: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda kile kile cha Meyer kilichotengeneza mwaka 1913 meli tunayoijua leo kama Liemba ya Ziwa Tanganyika.) Kwenye meli za namna hiyo nauli inalipia chumba, chakula cha ukumbi mkuu na maonyesho mengi ya jioni. Soda, bia, mvinyo na mahoteli ya kifahari ya humo ndani ni bei nyingine. Kwa hiyo abiria mwerevu anaamua akiwa bado nyumbani kwake: jioni ipi atakula wapi, onyesho lipi ataweka nafasi, na kama atanunua vinywaji kimoja kimoja au atalipia vya siku zote kwa mkupuo. Na hapo kwenye mkupuo pana mtego. Unalipa kila siku ya safari, unywe usinywe, na kampuni nyingi zinataka mtu mzima mmoja wa chumbani akinunua, na mwenzake anunue pia hata kama anakunywa maji tu.

Tumeujadili mfano huo kwenye kamati yetu, tukachukua uzuri wake tukaacha mtego. Mapendekezo yetu ni haya.

Chakula cha melini tutabeba wenyewe, cha pamoja, na kitagawiwa sawa. Meli ya Dar kwenda Unguja inachukua kama saa mbili, haina haja ya pilau. Nauli ya daraja la kawaida inakupa kiti, na duka dogo la ndani lina bei zake. Tutabeba chapati kavu, mayai ya kuchemsha, ndizi na korosho. Tunaomba sana mtu asibebe samaki wala mchuzi. Bahari ikichafuka, harufu ya samaki wa jana ndiyo inayoanza kumwangusha mtu, na akitapika mmoja wanafuata kumi. Msipande na njaa pia, mkidhani tumbo tupu ndiyo dawa. Tumbo tupu linasumbua zaidi. Kula kidogo, kikavu, saa moja kabla. Mwenye kujijua anaumwa bahari anunue dawa duka la dawa na aimeze kabla ya kupanda, kwa sababu ukishaanza kutapika kidonge kinatoka nacho. Mjamzito au mwenye presha amwone kwanza mganga wa zahanati. Na tukae katikati ya meli, chini, tutazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu.

Novemba tumeichagua kwa makusudi. Miezi ya Juni mpaka Agosti kusi inapiga na mawimbi ni makubwa. Novemba ni maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika nguvu. Tena ndio wakati fedha za minada ya korosho zinaanza kuingia.

Vinywaji. Kila mwanachama atapewa tiketi nne za karatasi zenye muhuri wa kikundi: mbili za maji, mbili za soda au juisi. Maji na soda tutanunua kwa jumla Dar, tubebe kwenye vikapu. Ukitaka kinywaji unatoa tiketi kwa mjumbe wa kamati, hakuna kutoa pesa, hakuna kujua nani ana pesa na nani hana. Tiketi usiyoitumia unarudishiwa thamani yake tukifika nyumbani. Hapo ndipo tunatofautiana na zile meli kubwa.

Kuhusu pombe tutasema waziwazi, maana kulificha jambo si kulimaliza. Wako miongoni mwetu wanaotumia, wako ambao dini yao inakataza, na fedha ya kikundi ni ya wote. Pendekezo letu ni kwamba fedha ya kikundi isinunue pombe hata chupa moja, na mtu asibebe uraka wala nipa safarini. Tunakwenda kwa watu, na Unguja si mahali pa kutembea barabarani na chupa. Tuko watu wazima, hatumfuati mtu chumbani.

Burudani nayo ina gharama, ingawa wengi wanadhani ni ya bure. Melini ngoma hatutapiga. Mle ndani kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali, kuna anayekwenda kuzika. Sindimba ibaki Masasi. Tutaimba nyimbo zetu za kikundi kwa sauti ya kiasi, na atakayetaka bao aje nalo, mradi kete zisimwagike. Burudani yenyewe ni Unguja. Jioni ya kwanza Forodhani: mishikaki, pweza, urojo, juisi ya miwa. Pale uliza bei kabla hujagusa sahani, maana ukishakula huna la kubishana. Kila mtu atapewa kiasi sawa cha chakula cha jioni hiyo mkononi, achague mwenyewe.

Jioni ya pili tunataka taarab. Vikundi vikongwe vipo, Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, lakini havipigi kila usiku kwa ajili yetu. Mjumbe mmoja atapiga simu mapema aulize, na tukikosa tutajua tukiwa bado huku. Sasa sikilizeni hili. Taarab ina kutunza. Wimbo ukimchoma mtu anainuka, anakwenda na noti, mwenzake naye hakubali kushindwa, anainuka na mbili. Tunawajua wenzetu, na sisi wenyewe tunajijua! Tunaomba kutunza kuwe kwa kikundi: kiasi kimoja kwenye bahasha, na tutakwenda mbele wote kwa pamoja na khanga zetu za sare. Nadhani hata waimbaji watapenda zaidi.

Fedha. Sanduku la hisa halitaguswa, wala mfuko wa jamii, ule ni wa ugonjwa na msiba. Tunafungua mfuko wa safari peke yake, wenye daftari lake. Mchango ni shilingi 2,000 kwa wiki kwa wiki 40, yaani 80,000, na nyongeza baada ya mauzo ya korosho. Tunafahamu kwamba watatu kati yetu wamesema hawatakwenda. Wametaja sababu nyingine, lakini tunaishi pamoja, tunajua ni fedha. Hawana mikorosho, na mmoja anasomesha wajukuu. Kamati haikubali kikundi kisherehekee miaka kumi huku waliokianzisha wamekaa barazani wanapunga mkono basi likiondoka. Ndiyo maana tumeanza na chakula. Korosho za safari lazima zibanguliwe na kukaangwa, chapati lazima zipikwe, vikapu lazima visukwe, khanga lazima zipindwe. Kazi hiyo tungemlipa mtu wa nje. Tunapendekeza wapewe wao kwanza, ihesabiwe kwa bei ya sokoni, na iandikwe kwenye daftari la safari kama mchango wao, sawa na fedha taslimu. Siyo msaada, ni malipo. Mkikubali hilo leo, nafasi za kwenye basi zinajaa zote.

Neno la mwisho ni la majina. Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake. Kwa hiyo hakuna kusafiri kwa tiketi ya jina la mwenzio, hata kama ameahirisha na tiketi inapotea. Na meli tukiiona imejaa kupita kiasi tutashuka wote tusubiri nyingine. Kila mmoja alete kitambulisho chake na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Katibu anapokea Jumamosi, baada ya kununua hisa. Wasiokula mayai nao wamwambie siku hiyo hiyo.