Asubuhi Baada ya Sherehe

Leo ni Jumatatu. Najua wengi mnaonisikiliza, kuanzia Kabanga na Rulenge hadi Nyakahura na Biharamulo mjini, mmeamka mkiwa na kiporo jikoni. Jumamosi mlikuwa kwenye harusi, Jumapili kwenye kipaimara. Na baadhi yenu, hasa mliokuwa mmeanza kupunguza mwili, mmeamka pia na majuto. Ninyi ndio ninaowasemesha asubuhi hii.

Nianze na yangu. Mwaka juzi nilipimwa presha, kisha nikazungushiwa kiunoni utepe kama ule wa fundi cherehani, nikaambiwa waziwazi: punguza uzito. Nikaacha soda. Nikapunguza tonge. Nikawa napanda mlima kwa miguu kwenda kazini badala ya kuita bodaboda. Wiki tano zikaenda vizuri, mkanda ukarudi tundu moja nyuma. Wiki ya sita tukaalikwa Biharamulo, send-off ya binti wa dada yangu.

Mnajua mjomba wa bibi harusi anavyohudumiwa. Hawezi kuonekana na sahani nusu, ni aibu kwa waliomwalika. Aliyeshika upawa alikuwa shemeji yangu. Akaweka ndizi zilizopikwa na nyama ya mbuzi. Juu ya ndizi akaweka pilau. Juu ya pilau paja la kuku, na pembeni chapati iliyokunjwa mara nne. Nikainua mkono kumzuia. Akasema, "Shemeji, mtoto anaondoka leo. Kula." Nikala. Nikarudia. Nikanywa soda mbili, na jioni pombe ya ndizi na wazee.

Sikilizeni sasa, maana jambo langu liko hapa. Kosa langu halikuwa Jumamosi ile. Kosa lilianza Jumapili asubuhi, nilipopewa pilau la kiporo na chai ya maziwa, nikajiambia moyoni maneno mawili: nimeshaharibu, basi. Nikala kiporo Jumapili, nikala Jumatatu. Tuliporudi Ngara tukapita Nyakahura, nikala mishikaki ya mbuzi kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu. Soda ikarudi. Bodaboda ikarudi. Miezi minne baadaye mkanda ulikuwa umesogea mbele matundu mawili, na mimi nikiilaumu sahani ya shemeji, wakati sahani ile ilikuwa ya siku moja tu.

Maneno hayo, "nimeshaharibu", si ya kwangu peke yangu. Mwaka 1975 watafiti wawili waliokuwa Marekani, Peter Herman na Deborah Mack, walitangaza jaribio walilowafanyia wanafunzi wa kike wa chuo. Baadhi walipewa kwanza maziwa matamu yaliyosagwa na aisikrimu, wengine hawakupewa kitu. Kisha wote wakawekewa aisikrimu waonje kadiri watakavyo. Wasiojinyima chakula, walipokuwa wamekunywa yale maziwa, walionja kidogo, kwani walishashiba. Lakini wale waliozoea kujinyima walifanya kinyume. Waliokwisha kunywa maziwa ndio waliokula aisikrimu nyingi zaidi. Tumbo lilikuwa limejaa, ila moyo ulikuwa umekata tamaa. Kwa Kiswahili chetu tunasema: liwalo na liwe.

Na moyo unakata tamaa kwa hesabu isiyo ya kweli. Mtu anakula harusini Jumamosi, Jumapili anapanda mizani, anaona kilo mbili zimeongezeka, anashika kichwa. Lakini kilo moja ya mafuta mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, akila mara mbili ya hapo kutwa nzima, ziada yake ni kalori 2,000, yaani kama robo kilo ya mafuta. Zile nyingine alizoziona kwenye mizani ni chakula ambacho bado kiko tumboni, na maji. Chumvi ya nyama na pilau hushika maji. Wanga unaowekwa akiba kwenye misuli na ini nao huhifadhiwa pamoja na maji. Ukirudi kwenye chakula chako cha kawaida, maji hayo hutoka yenyewe kwa siku chache.

Lakini robo kilo hiyo ukiirudia siku kumi mfululizo kwa sababu umeshaharibu, hapo ni zaidi ya kilo mbili na nusu, na hayo si maji tena. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakichagui kinachojazwa ndani yake.

Mwaka 2000 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu wazima 195 wa Marekani waliopimwa kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka. Kwa wastani waliongezeka gramu 370 tu, ingawa wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya hapo kwa mbali. Jambo zito lilionekana baadaye: gramu hizo hazikutoka katika miezi iliyofuata. Sikukuu yenyewe iliongeza kidogo. Kutorudi ndiko kulikokiweka kile kidogo mwilini, mwaka juu ya mwaka.

Najua kuna mtu hapo anauliza: utazungumzaje kupungua katika mkoa wenye watoto waliodumaa? Swali ni la haki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi, na utafiti huohuo ukakuta mtoto mmoja katika kila watatu wa chini ya miaka mitano amedumaa. Hayo hayako katika nchi mbili. Wakati mwingine yako katika nyumba moja. Angalieni sherehe zetu: mjomba anapewa paja, mtoto anapewa ukoko na mchuzi, tena mwishoni. Nyama inayonizidi mimi ndiyo inayompungukia yeye.

Tukubaliane pia kwamba kwetu huku kula kwenye sherehe si tamaa tupu. Mwezi Aprili 1994 takriban wakimbizi robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaja Benaco, hapa Ngara. Waliokuwepo hawajasahau njaa ilivyo usoni mwa mtu. Kwa watu walioona hayo, sahani iliyojaa ni dalili ya amani.

Na kuna hofu nyingine tunayoitaja kwa kunong'ona. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu huu wa Kagera. Watu waliuita Juliana. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim, yaani wembamba. Tuliwazika ndugu zetu waliopungua mbele ya macho yetu. Ndiyo maana hadi leo mtu akipungua kilo tano kwa jasho lake, jirani anamwangalia kwa huruma na kumuuliza, "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Basi mtu huyo akifika kwenye sherehe anakula sahani mbili mbele za watu, si kwa njaa, bali apate kuthibitisha kwamba ni mzima. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe.

Kwa hiyo sitawaambia mkatae chakula cha sherehe. Kuleni. Wazee wetu walijua kufunga na walijua kusherehekea, na wakaviweka jirani: baada ya Kwaresima inakuja Pasaka, baada ya Ramadhani inakuja Idi. Lakini wao sikukuu zao walizihesabu. Sisi tuna send-off, harusi, kipaimara, mahafali, kumbukumbu, na bado Ijumaa ya mishikaki. Chukua kalenda, weka alama kwenye siku ulizojiachia mwezi uliopita. Zikiwa mbili, hizo ni sherehe. Zikiwa kumi na mbili, usiziite sherehe tena, hayo ndiyo maisha yako ya kila siku, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Siku ya sherehe yenyewe, usishinde na njaa ukingoja chakula cha saa kumi jioni. Anayefika na njaa ya kutwa hali, anafakamia. Kula ndizi na maharage asubuhi kama kawaida. Kwenye foleni, weka kachumbari na mboga kwanza, ndipo uchague kile kinachopikwa kwa sherehe tu. Ndizi unazo nyumbani, pilau huna, basi chagua pilau. Chupa moja ya soda ina sukari ya vijiko vidogo kama tisa, kwa hiyo ikiwa unaipenda, kunywa moja, inayofuata iwe maji. Kisha inuka ucheze. Ngoma zetu hazikuwekwa pale kwa ajili ya bibi harusi peke yake.

Kiporo kigawe usiku uleule, kabla hujalala. Wape majirani, wape watoto nyama iliyobaki. Asubuhi usijiadhibu kwa kushinda na maji, wala usinunue vidonge na chai za kukata tumbo zinazouzwa mnadani. Adhabu huleta njaa, njaa huleta kufakamia kwingine. Mwenye kisukari anayetumia dawa asiruke mlo kabisa bila kuongea na daktari wake. Mizani iache wiki nzima. Wewe kula mlo wako wa kawaida na utembee mwendo wako wa kawaida.

Na ninyi majirani, mna sehemu yenu. Mkimwona mtu amepungua, msimuulize anaumwa nini. Mwambieni, "Naona unajitahidi." Wewe uliyeshika upawa, mgeni akiinua mkono, mwamini. Heshima yako haipimwi kwa urefu wa sahani yake.

Mwezi uliopita nilikuwa na kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, Rulenge. Shemeji yuleyule alikuwepo, na upawa uleule. Nilikula pilau lake, nikala na nyama, nikamshukuru kwa moyo wote. Sikurudia. Paja la kuku nililipasua, nusu nikampa mtoto aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu akiangalia sahani yangu tangu nilipokaa. Asubuhi yake nilijisikia mzito, na yale maneno yakaja tena mdomoni. Nikayameza. Nikachemsha ndizi nne, nikala na maharage, nikavaa viatu, nikapanda mlima kuja hapa studioni. Nilihema zaidi ya siku nyingine. Lakini nilifika.

Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Kwa hiyo wewe uliyeamka na majuto leo, hukuanguka Jumamosi, wala hukuanguka jana. Kiporo kile kilichoko jikoni mpelekee jirani. Saa saba mchana utakuwa na njaa, nawe utakula mlo wako wa kawaida. Umerudi.