Kifua Kikuu na Siku Zetu za Ugonjwa

Leo twasema juu ya kifua kikuu, yaani TB. Waajiri nao watatajwa, msiwe na wasiwasi. Ugonjwa huu waletwa na bakteria aliyegunduliwa na Robert Koch mwaka 1882. Si uchawi wala laana ya ukoo.

Taabu ya kwanza ni kuutambua. Mtu akohoa, atoka jasho usiku, akonda. Dukani auziwa dawa ya kikohozi, kisha ya malaria, na miezi yapita huku akiwaambukiza anaolala nao chumba kimoja. Ukikohoa majuma mawili, nenda ukapimwe makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi, tena huonyesha kama bakteria wamekuwa sugu kwa rifampisini. Katika hospitali za serikali dawa za TB ni bure.

Lakini dawa zenyewe ni za miezi sita. Mgonjwa apata nafuu mapema, adhani amepona, aziacha. Bakteria waliosalia huweza kuwa sugu, na hapo matibabu huwa magumu zaidi.

Tusimlaumu yeye peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa, kwa uchache, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Siku 14 kwa ugonjwa wa miezi sita! Na aliyeanza dawa zinazomfaa, baada ya majuma machache kwa kawaida haambukizi tena. Hakuna sababu ya kumfukuza.

Basi wajumbe wa matawi waliandike hili katika madai yetu: ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara.