Malisho Kwanza, Mbegu Baadaye

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Leo mkutano huu utakata shauri moja kubwa: akiba yetu inunue madume ya Boran, au ijenge ghala la mashudu ya pamba. Sisi wa ofisi twaleta maoni yetu.

Sifa za Boran hazina ubishi. Asili yake ni kwa wafugaji wa Borana, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, nchi za jua kali. Na dume mzima aliyelishwa vema hupita kilo 500. Zebu wetu wa pembe fupi hafikii hapo. Lakini mbegu huweka mpaka wa ukuaji. Kuufikia mpaka huo ni kazi ya malisho. Tena mwili mkubwa hudai chakula kingi. Mwezi wa Oktoba Zebu mdogo husalimika, na dume wa kununuliwa hukonda mpaka mbavu zikahesabika.

Yafaa tujue sababu. Majani makavu yana protini haba, na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vikiikosa haviwezi kuyavunja vema. Basi ng'ombe hushinda tumbo limejaa, na mwili unapungua. Mashudu kidogo kila siku huvipa vijidudu hivyo nguvu, na majani yale yale yakawa chakula.

Nyama nayo hufuata malisho. Ng'ombe apunguaye kila kiangazi hufika mnadani akiwa na miaka 5 au zaidi, na nyama hukaza kwa umri. Mnunuzi hushusha bei. Aliyeswagwa mbali bila kula huishiwa sukari ya misuli, na nyama yake huwa nyeusi, haikai siku nyingi.

Wapo watakaosema kwamba ghala halizai. Ni kweli, lakini ghala huzuia kilo zilizopatikana masika zisipotee kiangazi.

Kwa hiyo twashauri: kila kijiji kitenge ngitili tangu mvua, kama wazee wetu wa Usukumani walivyofanya; ghala lijengwe; maksai wanenepeshwe siku 90 kabla ya mnada. Ghala likijaa miaka miwili mfululizo, madume wanunuliwe, nasi tutakuwa wa kwanza kuwapokea.

Umoja ni nguvu.