Kabla Hujakubali Kukatwa Mfuko wa Chakula

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mwandoya)

Mmeuliza: eti ni kweli mtu hukatwa tumbo ili apungue? Kweli kabisa. Na pale Mloganzila, Dar es Salaam, mwaka 2022 walianza kuweka puto tumboni. Hilo halina kisu. Linapitishwa mdomoni, linajazwa maji, na baada ya miezi kadhaa linatolewa.

Kisu ni habari nyingine. Upasuaji unaofanywa zaidi huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kilichoondolewa hakirudishwi. Kwa hiyo mtu hafanyiwi kwa sababu wenzake wanamwita bonge! Kipimo cha siku nyingi kwa mtu mzima: gawanya kilo kwa urefu mara urefu. Ukipata 40, au 35 na una kisukari au presha, daktari anaweza kukufikiria. Mwenye mita 1.60 na kilo 103 ameshapita 40. Wewe wa kilo 68 unayeruka mlo bwenini, hapo humo.

Lakini labda ni shangazi yako anayejiandaa. Je, anajua atakula vijiko vichache, polepole, siyo ile sahani ya ugali? Vidonge vya vitamini ni vya maisha. Sigara aache kabla. Mimba asubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Pombe itampanda haraka kuliko zamani. Na akirudia ulaji wa zamani, uzito unaweza kurudi.

Kabla hajasaini, mwambie aulize: nikisharudi Mwandoya, damu yangu nitapimwa wapi, na nani atanifuatilia?