Mikate Kumi ya Yese

Katika 1 Samweli 17 twasoma kwamba Yese alikuwa na wana watatu vitani. Akamtuma Daudi kambini na bisi na mikate kumi, pamoja na jibini kumi za mkubwa wao, akaangalie kama ndugu zake hawajambo.

Huko Annapolis, Marekani, kuna chuo cha maafisa wa jeshi la majini, kilichoanzishwa mwaka 1845. Kijana akiingia hukatwa nywele, huamshwa alfajiri kwa makelele, na kwa majuma kadhaa haoni nyumba ya mtu. Baadaye jamaa za mji ule hujitolea kumpokea siku za ruhusa. Hawalipwi. Humpa chakula na mahali pa kulala mchana (na vijana hawa hulala kweli!). Wakubwa chuoni humpima, mama wa nyumba humwuliza, “Umekula?” Hapo ndipo kijana aweza kukiri kwamba hesabu zimemshinda, au kwamba anaogopa.

Hapa kwetu makadeti husomea Lanet, Nakuru. Twawaombea Jumapili, kisha twaenda zetu kula. Msikilizaji uliye karibu na kambi, kijana mgeni akiketi benchi la nyuma kanisani kwako, mchana atakula wapi?